Mkanda Ambao Haujaguswa

Kwa kinyaa, Darmi hakuwa na mpinzani Garsen nzima. Kuna watu wanaoona kinyaa nzi akitumbukia kwenye mchuzi. Hao ni binadamu wa kawaida, Mungu awape afya. Darmi alikuwa akimwonea kinyaa nzi aliyepita nje ya dirisha. Akialikwa harusini alikwenda na kijiko chake mkobani. Ukimpa mkono alikupa ncha za vidole, na vidole hivyo akavishika mbali na mwili mpaka apate maji ya kuvisuuza. Watu walimsema na kumcheka wee, lakini asubuhi walipotaka maziwa walimtafuta yeye huyohuyo.

Maana maziwa ya Darmi yalikuwa na jina. Wengine walileta mjini maziwa ndani ya mitungi ya plastiki iliyowahi kubeba mafuta ya kupikia. Wengine waliyaongeza maji ya mtoni bila haya, ukikoroga unaona takataka zinazunguka. Darmi alikama kwa mkono wake, ndani ya vibuyu vyake, na vibuyu hivyo alivisafisha vile mama yake alivyomfundisha. Kwao Waorma chombo cha maziwa hakipigwi sabuni, sabuni huacha harufu. Kinasuguliwa, kinaanikwa, kisha kinafunikwa juu ya kijishimo chenye vijinga vya mgunga mpaka kishibe moshi. Maziwa yakitiwa humo hayaharibiki upesi, na yana ladha ambayo mwenye kuizoea akiikosa huona amenyweshwa maji ya chokaa.

Mteja wake mkubwa alikuwa Bahiya, mwanamke wa Kipini aliyefungua hoteli ya chai karibu na stendi ya Garsen. Abiria wa Lamu na wa Garissa wakishuka kujinyoosha migongo, walikimbilia kwake. "Bila maziwa ya Mama Darmi," Bahiya alikuwa akiwaambia, "mimi nauza maji ya moto tu." Darmi akilisikia neno hilo anajifanya hakulisikia, lakini siku hiyo kutwa anatembea ameinua kidevu.

Sasa mkono wa kulia ukaanza kumfanyia vituko. Kwanza ulikuwa ganzi tu, vidole vinawasha kama vimekaliwa. Kisha kifundo kikavimba, na alfajiri akienda kukama gumba likawa halitaki kukunjika. Miaka yote hiyo ya kukamua chuchu ngumu na kusukasuka vibuyu vya siagi, mkono nao ulikuwa umesema basi. Asubuhi moja chuchu ilimponyoka, ng'ombe akashtuka, akapiga teke, na kibuyu kizima kikamwagika mavumbini.

Mkaza mwanawe, Ubah, alikuja mbio. "Mama, niachie nikame mimi."

"Wewe?" Darmi akamtazama juu mpaka chini. "Bora nikame kwa meno."

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Ubah alikuwa msichana wa Kisomali, amezaliwa na kukulia Garsen mjini, ameolewa na mwanawe Darmi, Galgalo, ambaye kiangazi hicho alikuwa na ng'ombe wengi huko delta akitafuta majani. Ng'ombe wachache wa maziwa walibaki kijijini, ng'ambo ya barabara ya Lamu, pamoja na wanawake hawa wawili. Na Darmi hakuwa na hamu na mwali huyo. Ana kucha ndefu! Anajikuna kichwani! Akicheka anafunika mdomo kwa kiganja, halafu kiganja hichohicho kinashika sufuria! Na siku moja, mwezi wake wa kwanza pale nyumbani, Darmi alimkuta ameonja maziwa kwa kidole. Kidole! Ndani ya kibuyu! Maziwa yale walipewa ndama na mbwa, na tangu siku hiyo Ubah alipigwa marufuku kuvikaribia vyombo vya maziwa, mikono yake na pua yake.

Kwa hiyo mkono ukimshinda Darmi, atakayekama ni Ubah. Na Ubah akikama, jina la maziwa ya Darmi limekwisha. Ndivyo alivyoiona yeye, na wazo hilo lilimchefua kuliko maumivu yenyewe.

Akaenda zahanati. Daktari akamminyaminya, akamwambia kifundo kimechoshwa na kazi na mshipa umebanwa. Akampa dawa ya kuchua yenye kafuri. Akamwambia apumzike, kisha atafute mkanda wa kufungia kifundo, ule wenye kipande cha chuma kiganjani, auvae kazini na hata akilala.

Kupumzika akakucheka. Mkanda akaenda kuutafuta.

Alianzia sokoni kwenye mitumba, kwa sababu aliambiwa mikanda hiyo huja na marobota. Ni kweli ulikuwepo, umelala baina ya soksi na sidiria, rangi yake zamani ilikuwa ya ngozi. Muuzaji akaukung'uta na kumpa. Darmi akaushika kwa ncha ya kucha. Sponji ya ndani ilikuwa imepiga manjano, imegandamana pale kiganja cha mtu kilipokaa, na ile sehemu ya kunata, inayolia chrrr ukiibandua, ilikuwa imejaa nywele. Nywele nyekundu, fupi, zimejisokota na nyuzi na vipande vya ngozi ya mtu. Ngozi ya mtu! Huenda mwenyewe keshazikwa huko kwao.

"Unafuliwa huo, mama," muuzaji akasema.

"Ufue umvike mama mkwe wako," Darmi akajibu, akauachia ukaangukia palepale ulipotoka. Akatembea mpaka kwenye bomba la msikiti akanawa mara mbili, na bado aliuona ule unyweleunywele kwenye vidole vyake.

Akaingia dukani kwa Haroun, muuza dawa. Haroun alikuwa kijana mpole wa Ngao, mwenye subira na wateja wagumu, na siku hiyo Mungu alimletea mtihani. Akamtolea mikanda mitatu, akaipanga juu ya kaunta.

Wa kwanza ulikuwa kama soksi, unavuta na kuvaa. Haroun mwenyewe akausukuma pembeni. "Huu hautakusaidia, mama. Unatia joto tu, haushiki mfupa." Wa pili ulikuwa wa kitambaa kigumu chenye matundu madogo, una kamba tatu za kubana na tundu la gumba, na kile kipande cha chuma kinachopita kiganjani. "Huu ndio wako. Unapumua. Chuma unakichomoa, unaufua, unauanika, jioni umekauka. Mtu wa kazi za majimaji namuuzia huu. Hebu leta mkono tupime."

Darmi hakuleta mkono, alileta pua. Akainama juu ya ule mkanda, akavuta pumzi moja, akarudi nyuma kama amezabwa kofi. Kitunguu. Jasho. Mafuta ya nywele. Na chini yake kitu kingine cha chumvichumvi ambacho hakutaka hata kukijua.

"Nani kavaa huu?"

"Watu wanajaribu, mama. Hata kiatu hununui bila kujaribu."

"Watu gani?"

Haroun, kwa kutojua, akasema kweli. "Asubuhi alikuja fundi wa pikipiki. Jana mwalimu. Halafu yule mama wa samaki..."

"Basi, basi, basi!" Darmi akaziba mdomo kwa mtandio.  Alimwona yule mama wa samaki, magamba mpaka viwikoni, matumbo ya kambare yamemganda kwenye kucha, akiusokomeza mkono wake ndani ya tundu lile.

"Nitakufulia sasa hivi kwa maji ya moto na dawa. Utanusa mwenyewe."

"Jasho la mtu halifuliki. Na ule pale?"

Wa tatu ulikuwa ndani ya nailoni iliyofungwa. Mweusi, mnene, wa mpira laini kama sponji ya godoro, unang'aa. Haroun akatikisa kichwa. "Ule ni wa wacheza mpira. Unabana vizuri, sikatai, lakini haupitishi hewa. Mkono wako unalowa kila siku, mama. Ule utakunywa jasho na maziwa, na ukishanywa hautapiki."

"Nani ameugusa?"

"Hakuna. Hata mimi sijaufungua."

"Lete."

"Mama, huo wa kitambaa..."

"Nimesema lete."

Haroun akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeshindwa. "Mchagua nazi hupata koroma, mama."

"Koroma langu halijarambwa na mtu," Darmi akasema, na alipoona Haroun anataka kuipasua nailoni kwa ukucha wa gumba, ukucha wenye mstari mweusi, akapiga ukelele. "Usifungue! Nitaufungua mwenyewe!"

Haroun akamwekea kwenye mfuko huku akimpa maelezo. Uoshwe kwa maji baridi na sabuni kidogo. Uanikwe kivulini. Usikaribishwe motoni, kwani ni mpira. Darmi alikuwa anaangalia jinsi alivyolamba kidole ili kufungua mdomo wa mfuko, na maneno yote yale yalimpita.

Siku za mwanzo, lo, alikuwa bi harusi. Mkanda ulimbana vizuri, kifundo kikatulia, gumba likarudi kazini. Alikama huku ameuvaa, akalala nao. Ubah alipomuuliza kama mkono unaendelea vizuri, alijibu, "Vizuri sana, na vibuyu vyangu viko vizuri," ili mtu asipate mawazo.

Lakini Garsen ni Garsen. Jua la kule halihitaji utambulisho. Mkono ulitoka jasho ndani ya ule mpira, jasho likakosa pa kwenda. Maziwa yalichuruzika kutoka chuchuni yakaingia kwa pembeni. Akitaka kutia udhu anauvua, akimaliza anaurudisha mbichi hivyohivyo juu ya ngozi mbichi. Ukanywa, ukanywa, ukanywa.

Ndipo kukaanza kunuka pale nyumbani. Darmi ndiye wa kwanza kuihisi ile harufu, bila shaka, pua yake ilikuwa haijapata kulala. Akadhani panya amefia kwenye makuti. Akapekua. Akadhani ni ngozi ya mbuzi, akaitupa. Kisha, kwa sababu kila uchafu duniani ulikuwa na njia moja tu ya kuingilia nyumbani mwake, akamgeukia Ubah. Akamtaka afue shuka zake. Akamtaka afue tena. Akavitoa viatu vyake nje kwa kijiti. Akamwambia aoge, naye akaoga, akamwambia aoge kwa majivu. Ubah alifanya yote hayo, na kila alipopita, Darmi alivuta pumzi, akakunja uso, maana harufu ilikuwa palepale.

Mpaka alasiri moja, akiwa kwenye sala. Alipokwenda sijida, viganja chini ubavuni mwa uso, harufu ile ikampiga puani kama mtu aliyefungua mlango wa machinjio. Ilitoka kwenye mkono wake wa kulia. Sala ile aliimaliza kwa haraka ambayo Mungu mwenyewe ataihukumu.

Akatoka nje, akaubandua mkanda. Astaghfirullah! Ndani ulikuwa na utelezi. Maziwa yaliyolala siku nyingi yalikuwa yamegeuka ukoko wa manjano kwenye mishono, na kati ya ukoko na mpira kulikuwa na ute wa kijivu unaovutika. Ngozi yake yenyewe ilikuwa imekunjamana, nyeupe kama ya maiti aliyetoka mtoni, na aliposugua kwa kidole ikatoka kwa vijiuzi. Darmi akaenda nyuma ya zizi akatapika. Akarudi, akautazama tena, akatapika tena. Yeye! Yeye Darmi, mwenye kubeba kijiko harusini, alikuwa ametembea na kitu hiki, amekilalia, amekishika karibu na chuchu za ng'ombe!

Sasa mtu mwingine angeutupa, au angechukua sabuni kama alivyoambiwa. Lakini mkono usio na mkanda ni mkono usiokama, na sabuni kwake haikuwa kitu cha kusafishia chombo chochote kinachokaribia maziwa. Alijua dawa moja ya uvundo wa maziwa, waliijua mama yake na bibi yake, nayo ilikuwa moshi. Akachukua ile dawa ya kuchua yenye kafuri, akajipaka puani nene, ndani na nje, ili asiunuse mkanda anaposhughulika nao. Akausugua kwa mchanga na kijiti. Kisha akawasha vijinga vya mgunga kwenye kijishimo, akavifunika vibuyu vyake pembeni kama kawaida, na mkanda akautundika kwenye kijiti katikati yao, juu ya moshi.

Ubah alikuwa anapita na kuni. Akasimama, akakunja pua. "Mama, hapo kuna kitu kinaung..."

"Rudi nyuma! Nimekwambia mara ngapi kuhusu vyombo vyangu?"

Ubah akarudi nyuma.

Moshi ulifanya kazi yake mpaka magharibi. Darmi alipoutoa mkanda ulikuwa mkavu, moto, na ukingo wake mmoja umejikunja kidogo. Akaupeleka puani. Hakunusa kitu isipokuwa kafuri. Vibuyu navyo akavinusa kimoja kimoja, kafuri tupu. Akaridhika, akauvaa, akalala usingizi wa mtu aliyeshinda vita.

Asubuhi akakama, akajaza vibuyu, akaondoka kwenda mjini. Ubah alivibeba kwa sababu mkono wa Darmi haukuweza mzigo, lakini alivibeba kwa kamba tu, vidole mbali na midomo ya vibuyu, Darmi akitembea nyuma yake kama askari. Kafuri bado ilikuwa inamwasha puani.

Hotelini kulikuwa kumejaa. Basi la Lamu lilikuwa limesimama, watu wanagombania viti. Bahiya hakuwa hata na nafasi ya salamu. Alivipokea vibuyu, akavimimina vyote ndani ya sufuria kubwa mlimokuwa mnachemka tangawizi na iliki, moshi wa kuni umemjaa machoni. Chai ikapikwa, ikamiminwa, ikasambazwa.

Mtu wa kwanza aliyekunywa alikuwa mzee mmoja mwenye kofia ya kazi ya mkono. Alikunywa funda moja, akalishikilia mdomoni, macho yakamtoka, kisha akalirudisha lote kikombeni. "Mama! Umetupikia kandambili?"

Mwingine akacheka, akaonja ya kwake, akaacha kucheka. Mwanamke mwenye mtoto akatema pembeni ya meza. Kijana akatoka nje mkono mdomoni. Ghafla hoteli nzima ilikuwa inatema, watu wanafuta ndimi kwa leso, wanasukutua kwa maji ya kunawia. "Tairi hili!" "Chai ya tairi!"

Bahiya akachota kwa upawa, akaonja, akatema jikoni. Akasimama mbele ya Darmi, upawa bado mkononi. "Mama Darmi. Hini nini umeniletea?"

Darmi alimwona Bahiya, akaiona sufuria, akayaona macho ya abiria wote yamemgeukia. Jina lake lote lilikuwa pale linatemwa sakafuni. Na hakufikiri. Kidole chake kilikwenda chenyewe.

"Si mimi! Ni huyu!" Akamwonyesha Ubah, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Ni huyu na mikono yake! Mtazameni kucha! Namkataza vyombo, hasikii. Nilimkuta na kidole ndani ya kibuyu, kidole, wallahi! Nyumba nzima inanuka kwa ajili yake. Namwambia oga, anaoga, ananuka. Mwanangu sijui alimwokota wapi!"

 Watu wakamtazama Ubah mikono. Yeye akaipeleka kwenye mtandio, kisha akairudisha nyuma ya mgongo wake, akabaki amesimama hivyo, kichwa chini, na bwana mmoja aliyekuwa ameketi karibu na mlango akaisogeza sahani yake ya mahamri upande wa pili.

 Bahiya alichukua kibuyu kitupu, akakinusa mdomo, akakunja uso. Akaenda mpaka mlangoni, akamvuta Ubah mikono yake kutoka nyuma, akaiinua mbele ya watu wote, akainusa, mmoja kisha wa pili. "Yanuka hina," akasema. "Hina na sabuni." Akamgeukia Darmi. "Lete na wako."

Darmi akatoa ncha za vidole kama kawaida yake. Bahiya akaushika mkono mzima, akauvuta, akainama juu ya mkanda. Aliruka nyuma mpaka akagonga meza.

"Ya Allah! Mama Darmi! Mzoga umechomewa ndani ya tairi!"

Huko nyuma mtu akasema kwa sauti, "Nyani haoni kundule," na kicheko kikalipuka, kicheko kikubwa cha watu waliotemeshwa chai. Darmi akaubandua mkanda. Ngozi ilikuwa nyeupe, imenyauka, na juu yake mpira uliokuwa umeyeyuka ulikuwa umeacha michirizi myeusi inayonata. Sasa kafuri ilikuwa imeanza kumwisha puani. Akainusa ile harufu, aliinusa yote, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na mtu mwingine pale wa kumpa.

Bahiya akaimwaga sufuria nje, shimoni. Aliporudi alisema kwa sauti ya chini, na huo ndio uungwana wake, "Kesho nataka maziwa kama kawaida. Lakini akame huyu."

Kesho yake alfajiri Ubah aliazima ndoo ya bati kwa jirani, kwa maana vibuyu vilikuwa vimeshiba moshi wa mpira, havingefaa tena. Akakata kucha. Akanawa mpaka viwikoni. Darmi alikaa kwenye kigoda, kifundo kimefungwa kwa kipande cha leso, akamtazama. Wallahi alimtazama! Alitafuta kosa kwenye kila kidole. Aliungojea mkuno mmoja wa kichwa, chafya moja, kitu chochote. Ubah alikama kwa utulivu, mkono mwepesi, na ng'ombe yule mwenye mateke alisimama anacheua.

Ndoo ilipojaa, Darmi akainuka. Maneno ya kuomba radhi hayakuwemo kinywani mwake, hakuwahi kuyahitaji. Kwa hiyo akafanya alichoweza. Alichota kikombe cha maziwa ya moto kutoka ndooni, akakishika kwa mikono miwili, ule mzima na ule mbovu, akamnyooshea mkaza mwanawe.

"Kunywa, mwanangu."

Ubah alikitazama kikombe. "Asante, mama. Mimi sinywi maziwa hapa."

"Hunywi? Tangu lini?"

"Zamani." Alikuwa anafunga kifuniko cha ndoo, hakuinua uso. "Nikinyanyua kikombe ulikuwa unaniangalia mdomo, mama. Unauangalia kama kidonda. Mwishowe na mimi nikauona hivyo. Nikawa nashindwa hata kumeza mate yangu mbele yako."

Darmi akabaki amekinyoosha kikombe. 

Ubah akajitwika ndoo, akaiweka sawa kichwani. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. "Jana pale hotelini, uliponionyesha kidole, nilijinusa mikono kabla Bi Bahiya hajainusa. Nilijinusa kwa siri, nyuma ya mtandio. Nilidhani ni kweli, ni mimi."

Akaenda zake, akavuka barabara ya Lamu, akashika njia ya mjini. Darmi alibaki zizini na kikombe. Maziwa yalikuwa meupe, ya moto, hayana unyoya wala uchafu. Alikisogeza mdomoni, midomo ikagusa ukingo, na safari hii akauona mdomo wake mwenyewe kama kidonda. Akakiweka chini, akajifuta mdomo kwa mkono wa kushoto, akajifuta tena.